BWAWA LA SAMAKI NA LA KUOGELEA KATIKA NCHI YA CHAI

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho, akiisha kupita njia panda ya Londiani na kuanza kuingia katika mashamba ya chai, huona hapa na pale maji yaliyotulia mabondeni, yamezungukwa na miti mirefu. Mojawapo ni bwawa la Chagaik, kilometa chache kabla ya kufika mjini, mahali ambapo mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley alipanda bustani ya miti ya namna nyingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mayungiyungi huelea juu ya maji yake, na kivuli chake ni kizuri sana wakati wa mchana.

Zamani maji ya namna hiyo yalikuwa ya makampuni na ya mabwana wenye mashamba makubwa. Siku hizi mwalimu aliyestaafu, au karani, au mkulima mwenye ekari tatu za chai na kijito chini yake, hulitazama lile bonde lake la matope, ambamo chai haistawi na ng'ombe hunasa, akajiuliza kama naye hawezi kupata bwawa lake mwenyewe, la kuvulia samaki jioni na la watoto kuogelea wakati wa likizo. Aweza. Mvua ya Kericho hupita milimita 1,800 kwa mwaka, wala katika Bomet vijito havikosi. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulitambua wakiisha kuchimba, nalo ni kwamba samaki wa kufugwa na mtu wa kuogelea hawapendi maji ya namna moja.

Ngege, ambaye wengine humwita tilapia, hunenepa katika maji ya kijani. Ukijani huo ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo chakula chake cha kwanza. Ili iote, mfugaji hutia samadi ya ng'ombe au ya kuku katika pembe moja ya bwawa, ndani ya kitalu cha fito ili isitawanyike. Kisha hupima kwa mkono wake: hutumbukiza mkono majini mpaka kiwiko, na ikiwa vidole havionekani tena, maji yamekwisha kukolea na samadi huzuiwa kwa muda. Hiyo ni kazi nzuri ya ufugaji. Lakini nani atamwogesha mwanawe katika maji yenye mavi ya ng'ombe? Na uchafu ni sehemu ndogo tu ya neno lenyewe. Mtoto akizama katika maji yasiyoonesha vidole vya mkono, hata mtu mzima aliyesimama ukingoni hatamwona, na atakayejitupa ndani kumwokoa itambidi apapase.

Kwa hiyo mtu asiyetaka hatari hachimbi bwawa moja la kazi mbili. Huchimba mawili madogo juu ya kijito kimoja, moja likifuata jingine kwa mteremko. La juu hupokea maji yaliyo safi, nalo ni la watu; halitiwi samadi kamwe. Maji yanayofurika kutoka humo huingia katika la chini, ambalo ni la samaki, na huko mwenye shamba ataweka mbolea apendavyo. Mpango huu ukigeuzwa, samaki wakawekwa juu na watoto chini, kazi yote imekuwa bure. Ni ajabu jinsi kosa hili linavyofanyika kwa urahisi, maana mahali pa juu ndipo karibu na nyumba, na mwenye nyumba hutaka samaki wake wawe karibu na macho yake ili wasiibwe.

Asiye na nafasi ya mabwawa mawili aache samadi kabisa, na atosheke na samaki wachache. Katika bwawa la mita 20 kwa 15 samaki 50 au 60 wanaokula wadudu na makombo wataishi vema bila kuharibu maji. Hawatamtajirisha, lakini watampa mshipi wa kushika siku ya Jumapili.

Kipimo hicho cha mita 20 kwa 15 kinajulikana sana nchini. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wa kuinua uchumi, iliamua kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la mita za mraba 300. Ufugaji wenyewe haukuwa mgeni: majaribio ya ngege katika mabwawa yalianza Kenya miaka ya 1920, na mwaka 1948 vituo vilifunguliwa Sagana kwa samaki wa maji ya joto na Kiganjo kwa trauti. Mabwawa mengi ya mwaka 2009 yaliachwa baadaye yakaota matete. Chakula cha samaki kilikuwa ghali na vifaranga vilikuwa vigumu kupatikana. Tena mahali pengine bwawa lilichimbwa kwa sababu fedha ilikuwapo, wala si kwa sababu maji yalikuwapo.

Basi kabla ya jembe kushikwa, maji yapimwe. Njia iliyo rahisi ni ndoo. Ikiwa kijito, wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, kinaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa nusu dakika, kitaleta lita zaidi ya 57,000 kwa siku, na bwawa la kipimo kilichotajwa, lenye kina cha wastani cha mita moja, litajaa kwa siku tano hivi kama udongo hauvuji. Kijito kikishindwa kujaza ndoo kwa dakika tano wakati huo, afadhali mtu achimbe dogo zaidi, au aache.

Udongo nao una maneno yake. Ule udongo mwekundu wa mashamba ya chai una kina kirefu na hupitisha maji vizuri, na ndiyo maana mizizi ya chai huupenda. Sifa hiyo hiyo ndiyo ila yake kwa mwenye bwawa. Chini bondeni kwa kawaida hupatikana udongo wa kijivu, mzito, unaonata. Mtu hufinyanga donge la udongo uliolowana, akalirusha juu na kulidaka. Likivunjika mkononi, udongo huo haufai. Likibaki zima, achimbe shimo la kufika kiunoni, alijaze maji jioni, alijaze tena asubuhi, kisha alifunike kwa majani. Maji yakiwa bado yamo mengi siku ya pili, mahali hapo panafaa.

Tena udongo wa chai ni mchungu, yaani una asidi. Chai yapenda uchungu huo, samaki hawaupendi. Katika bwawa la namna hii mbolea hutiwa na maji yasigeuke kijani, na mwenye bwawa akadhani samadi yake ni mbovu, kumbe ni uchungu wa udongo unaoizuia. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita 100 za mraba, inyunyizwe juu ya sakafu na kingo kabla ya maji kuingia, kisha pakae kiasi cha wiki mbili. Wakulima waliozaliwa katika chai huona vigumu kununua chokaa, kwa kuwa tangu utoto wameonywa wasiikaribishe katika mashamba yao. Wasiogope, bwawa si shamba la chai.

Ukuta wa udongo ndio unaohitaji fikira nyingi kuliko vyote. Watu wa nchi hii hawana haja ya kukumbushwa mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika mvua kubwa, ukuta wa bwawa la shamba la watu binafsi ulipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru, na maji yakateremka juu ya nyumba za watu waliokuwa ndani. Watu wasiopungua 47 walikufa. Bwawa lile lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko haya yanayosemwa hapa, lakini udongo uliolowa ni ule ule, na mabonde ya Kericho na Bomet yana nyumba chini yake.

Kwanza majani na udongo mweusi wa juu huondolewa kabisa mahali ukuta utakapokaa, kwa sababu majani yakioza ndani huacha njia ya maji. Kisha mtaro huchimbwa katikati ya msingi, hujazwa udongo mfinyanzi na kushindiliwa, ili ukuta uwe kama uliopandwa ndani ya ardhi badala ya kuwekwa juu yake. Udongo huwekwa kwa tabaka za kiganja kimoja, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine kuja. Upande wa ndani mteremko uwe wa polepole, mita mbili za kwenda kwa mita moja ya kushuka. Juu ya ukuta papandwe ukoka, isipandwe mikaratusi wala mti wowote, maana mizizi hutoboa, na mti ukiangushwa na upepo huondoka na kipande cha ukuta.

Jambo ambalo husahauliwa ni njia ya maji ya ziada. Bomba la kutokea maji latosha siku za kawaida, lakini halitoshi usiku mmoja wa Aprili ambao mvua ya mawe imeziba mitaro na kijito kimegeuka mto. Kwa ajili ya usiku huo pembeni mwa bwawa, mahali pa ardhi isiyochimbwa, hukatwa njia pana yenye ukoka, iliyo chini ya ukuta kwa futi moja na zaidi, ili maji yakizidi yapite hapo bila kupanda juu ya ukuta. Maji yakianza kupita juu ya ukuta wa udongo, hayasimami mpaka yameumaliza. Kwa bwawa lenye ukuta mrefu, au lililo juu ya nyumba za jirani, mhandisi wa maji aitwe. Na kwa vyovyote yeyote azuiaye kijito au kukichepusha hupaswa, kwa sheria ya maji ya mwaka 2016, kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jirani wa chini naye aelezwe mapema. Kijito hicho hunywesha ng'ombe wake.

Wale ambao udongo wao unavuja wameanza kutandika karatasi nyeusi ya nailoni. Huzuia maji barabara, wala hakuna wa kuikataa kwa hifadhi ya maji ya kumwagilia. Lakini kwa bwawa ambalo watoto watalikaribia, karatasi hiyo ni mtego. Ikiisha kulowa na kuota utelezi haishikiki kwa mkono wala kwa mguu. Mtu mzima ajuaye kuogelea aweza kuzunguka ndani yake mpaka nguvu zimwishie, akigusa ukingo kila mara na kila mara akirudi chini. Mahali ambapo haina budi kutumiwa, kamba nene zenye mafundo zifungwe kwenye vigingi vya juu na kuteremshwa mpaka sakafuni kila upande, au magurudumu makuukuu yafungwe kama ngazi. Na ua wenye mlango wa kufuli uzunguke pande zote. Bwawa la kuogelea lisitandikwe nailoni kabisa.

Bwawa la watu, lile la juu, huanza na mahali pa kina cha goti. Papanuliwe vya kutosha watoto wadogo wacheze, na pamwagwe changarawe ili miguu isizamie matopeni na maji yasichafuke kila wanapoingia. Kutoka hapo sakafu iteremke polepole mpaka kina cha mita moja na nusu upande wa bomba la kutokea maji. Pasiwe na shimo la ghafula. Shimo alilolisahau mchimbaji ndilo linalomeza mtoto anayetembea akidhani maji ni yale yale. Kamba yenye vibuyu au vidumu vya plastiki vitupu ivutwe kukata bwawa mahali kina kinapopita kifua cha mtoto. Ukingoni kuwe na mti mrefu mwepesi wa kumnyoshea mtu, na tyubu ya gurudumu yenye kamba, na vitu hivyo visiazimwe kwa kazi nyingine hata siku moja.

Maji ya nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari ni baridi, hasa asubuhi na baada ya mvua. Mtu aliyetoka kuchuma chai juani akajitupa ndani mara moja hukatika pumzi, na misuli yaweza kumkaza. Aingie kwa miguu, polepole. Kuhusu kichocho, ugonjwa huo umeenea zaidi katika nchi za joto kandokando ya Ziwa Victoria kuliko vilimani. Hata hivyo majani ya ukingoni yafyekwe ili konokono wasipate makao, na choo kiwe mbali, upande wa chini. Kufyeka huko kwafaa pia kwa habari ya mbu. Malaria ilirudi kwa nguvu katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1990, na maji yaliyotulia chini ya majani marefu ni nyumba ya mbu, bali maji meupe yenye samaki si mahali pao pazuri. Juu ya bwawa uchimbwe mtaro wa kinga, ili mvua isilete mbolea ya chai ndani yake. Mbolea hiyo hugeuza maji kuwa kijani haraka kuliko samadi yoyote, na usiku ule ukijani huvuta hewa ya majini, hata alfajiri samaki huonekana wamepanda juu wakihema.

Sasa samaki gani? Hapa baridi ndiyo inayoamua. Ngege hupenda maji ya joto la nyuzi 25 mpaka 30. Chini ya 20 hula kidogo na hukua polepole sana. Kwa hiyo wa Sotik na Chepalungu, waliokaa chini kidogo, watapata ngege wa sahani mapema kuliko wa kandokando ya msitu wa Mau, ambao huenda wakangoja mwaka na zaidi. Vifaranga wawili au watatu kwa kila mita ya mraba watosha bwawa la samadi, nao wanunuliwe wa kiume watupu katika kituo kinachoaminika. Ngege jike hulea mayai na watoto kinywani mwake na huanza kuzaa akiwa mdogo bado; akiachiwa, baada ya muda bwawa hujaa samaki wasiozidi kidole, wote wenye njaa. Kambare wachache wakiongezwa, ngege wakiisha kukua, watawala wale watoto. Kambare huvumilia matope na hewa haba, lakini mwiba wa pezi lake huchoma, na hivyo asiwekwe katika bwawa la watu.

Trauti ni jambo jingine. Yeye ni samaki wa maji baridi yanayokimbia. Aliletwa nchini mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai yake kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare. Yule mwenye rangi za upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Walowezi waliwatia pia katika mito ya Kericho ili wapate mchezo wa kuvua. Mwenye kijito baridi kitokacho msituni, kisichopungua mwaka mzima, aweza kuweka trauti wachache katika bwawa la juu, maana samaki huyo hutaka maji yale yale meupe anayotaka mwogeleaji. Hatazaa humo, kwa kuwa hutaga katika changarawe ya maji yapitayo, basi huhesabika: waliowekwa ndio waliopo, wakapungua kwa ndoana. Kijito kikikauka hata siku moja tu ya jua kali, wote hufa. Chujio la waya imara liwekwe kwenye kila bomba, kwa maana trauti akitoroka huwala samaki wadogo wa mto, na mito ya nchi hii, iwe Kipsonoi au Nyangores, humalizikia Ziwa Victoria.

Uvuvi wa ndoana ufanywe kwenye bwawa la chini, au juu katika siku ambazo watoto hawaogelei, na kila ndoana ihesabiwe jioni. Jukwaa dogo la mbao lililosimama mita mbili ndani ya maji humfaa mvuvi kuliko ukingo. Chambo ni nyungunyungu wa bustanini, au donge la ugali kwa ngege. Mnandi, mdiria, na fisi maji nao huja kuvua bila kualikwa. Nyuzi zilizovutwa juu ya maji hupunguza ndege, bali fisi maji hushindwa na mbwa peke yake.

Katika nyumba nyingi za Wakipsigis wazee hawakukua wakila samaki. Kwao chakula ni maziwa, mursik, nyama na kimyet. Wapo ambao hata leo watakaa ukingoni wakitazama mshipi na wasiguse kilichokaangwa. Wajukuu wao hawana neno hilo, hula mpaka mifupa.

Kila mwaka, Januari au Februari, bomba la kiwiko la bwawa la chini hulazwa, maji yakatoka kidogo kidogo kupitia wavu, na samaki wote wakakusanywa. Hapo sakafu hukaushwa mpaka ipasuke, nyufa za ukuta hutazamwa, na panya na kaa waliotoboa mashimo huzibwa. Yale matope meusi ya chini huchukuliwa kwa toroli, nayo hustawisha sukuma wiki na ndizi kuliko kitu kingine. Yasipelekwe katika chai, kwa sababu ya ile chokaa.